Mama kaambiwa atembee (historia fupi ya TZ 11 mjini Dar)

Haya wadau, nimepotea kidogo. Najua niliahidi nikirudi nitaandika ile vurugu ya vyumba vya hosteli, lakini hiyo itasubiri. Wiki iliyopita nilishuka nyumbani Tandika kumwona Mama, na kilichotokea huko kimenikaa kichwani mpaka nimeshindwa kusoma kitu kingine. Kwa hiyo leo mtanivumilia, andiko ni refu. Chukueni chai kwanza.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama alikuwa analalamika kiu na miguu kuwaka moto usiku, nikampeleka kupima. Majibu: sukari juu, presha juu. Nesi, dada mmoja mpole kweli, akampa maelezo ya dawa, akamwambia apunguze wali na soda, halafu akamalizia: "Na utembee Mama. Nusu saa kila siku inakutosha." Mama akaitikia kwa adabu zote, "Asante mwanangu, nimekuelewa." Tukatoka. Kufika nje tu, akanyoosha mkono akaita bodaboda.

Mi nikacheka. Nikamwambia Mama, si umeambiwa sasa hivi utembee? Na kutoka pale mpaka nyumbani hata kilometa mbili hazifiki! Mwenzangu hakucheka. Akaniangalia, akasema: "We mtoto, mi nimetembea miaka kumi na moja kwenda kiwandani, na wewe nimekubeba mgongoni. Nimehangaika ili nyie mpande gari. Leo majirani wanione nachapa lapa juani waseme nini? Kwamba mama yule watoto wamemtupa, hana hata buku ya boda?"

Nikanyamaza. Boda ikaja, tukapanda mshikaki, Mama katikati.

Sasa si mnajua mi nasoma historia, na ugonjwa wetu watu wa historia ni kwamba ukiambiwa neno unataka kujua lilianzia wapi. Niliporudi Mlimani, badala ya kusomea test ya Alhamisi nikaenda kujichimbia maktaba, kule East Africana, natafuta jibu la swali moja: kwa nini katika mji huu mtu kutembea kwa miguu ni aibu? Maana nesi alizungumza kuhusu afya, ila Mama alisikia umaskini. Wote wawili hawakukosea. Ngoja niwaeleze nilichokuta.

Tuanze na jina ambalo kila mtu analijua: KARIAKOO. Tunalitamka kila siku, "nashuka Kariakoo, nimenunua Kariakoo", lakini wangapi tunajua kwamba jina lile ni la watembea kwa miguu? Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliingia Dar es Salaam Septemba 1916 na kuwaondoa Wajerumani. Jeshi lile lilihitaji chakula, risasi na mahema vifike porini ambako magari hayapiti na wanyama wa mizigo wanakufa kwa ndorobo. Basi vikabebwa na watu. Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps, na eneo walilopiga kambi hapa mjini wenyeji wakaliita kwa ulimi wao, Kariakoo. Watu wale walitembea mamia ya kilometa na mizigo kichwani, na walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Kwa hiyo ukiwa pale unasukumana kununua viatu vya raba, kumbuka umesimama kambini kwa watu waliotembea mpaka kufa.

Na wao hawakuwa wa kwanza. Kabla ya hapo, karne ya 19, kulikuwa na misafara ya kutoka pwani kwenda bara. Bagamoyo mpaka Ujiji ni zaidi ya kilometa 1,000, miezi mitatu au zaidi njiani, na kila mpagazi ana mzigo wa karibu kilo 30. Wengi walikuwa Wanyamwezi. Hapa kuna jambo limenishangaza: upagazi haukuwa aibu wakati ule. Wanahistoria waliochunguza misafara wanaeleza kwamba kwa kijana wa Kinyamwezi, kwenda pwani na kurudi ilikuwa ni sifa, ndiyo ilimfanya aonekane amekua. Wengi walikuwa wanafanya kazi ya malipo, na waligoma wakidhulumiwa. Na Chuma na Susi mnawakumbuka kutoka darasani: Livingstone alipofariki Mei 1873 kule Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, wao na wenzao waliukausha mwili wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miezi tisa! Wazungu wakamzika mtu wao London kwa heshima kubwa. Waliombeba tunawasoma mstari mmoja.

Sasa aibu iliingia lini? Mi nadhani iliingia pamoja na ramani.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Kuanzia hapo mzigo mkubwa wa safari ndefu ukahamia kwenye treni. Kutembea hakukuisha, kulihamia mjini. Wajerumani walianza kuugawa mji kwa aina ya nyumba, Waingereza wakaendeleza mpaka ikaeleweka na mtoto mdogo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Katikati ya Uswahilini na wengine likaachwa eneo wazi, ndiyo Mnazi Mmoja tunayoijua. Maelezo rasmi yalikuwa afya, magonjwa yasivuke. Lakini asubuhi wafanyakazi walitakiwa wavuke! Mpishi, dobi, mtunza bustani, kuli wa bandarini, wote wanalala upande mmoja na kazi iko upande mwingine. Tajiri mwenye gari akajengewa Oyster Bay kwenye upepo wa bahari, maskini asiye na gari ndiye anasogezwa mbali.

Mji ukakua. Sensa ya 1957 ilihesabu watu 128,742. Ilala ikajaa, na miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikapima Magomeni, Temeke na Kinondoni kwa ajili ya Waafrika. Zile nyumba za Temeke kota na Magomeni kota ndiyo asili yake. Mabasi yalikuwepo, kampuni ya DMT ilianza mwaka 1949. Lakini nauli ya kila siku kwa kibarua ilikuwa inakula mshahara, hivyo wengi wakapiga mguu. Kuna babu hapa mtaani kwetu, tunamwamkia kijiweni kwenye kahawa, ujanani alikuwa kuli bandarini. Nilimuuliza, "Shikamoo babu, enzi zenu mlikuwa mnaendaje kazini?" Akasema, "Marahaba. Tulikuwa tunakwenda na miguu, mjukuu wangu, tulikuwa na kitu gani kingine?" Akanihesabia njia: Temeke, Keko, Gerezani, bandarini. Asubuhi kwenda, jioni kurudi, na katikati kubeba magunia. Nikamuuliza kama walikuwa wanaugua sukari. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Sukari tulikuwa tunaitafuta dukani hatuipati, utaiugua saa ngapi?"

Sasa njooni 1967. Kuna kipindi kifupi ambacho kutembea kulirudishiwa heshima katika nchi hii, tena heshima ya taifa.

Inaanzia kwa watu kama sisi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana mpaka Ikulu kupinga utaratibu wa kwenda JKT. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu na ushee baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Vijana sehemu mbalimbali wakaanza kutembea kwa miguu kuliunga mkono. Mmoja wao, Seth Benjamin, alitoka Arusha kuja Dar es Salaam, akafia njiani. Na Oktoba mwaka huohuo Mwalimu mwenyewe akatoka Butiama kwa miguu mpaka Mwanza kwenye mkutano wa TANU, zaidi ya kilometa 200, siku nane. Rais wa nchi, mwenye gari na dereva, anatembea juani na wanakijiji!

Hebu fikirini picha ile ilimwambia nini kibarua wa Temeke. Kwamba kile unachokifanya kila siku kwa sababu huna nauli, mkubwa wa nchi anakifanya kwa hiari mchana kweupe. Sisemi kwamba matembezi yale yalileta basi Tandika, hapana. Ila kwa muda yaliondoa aibu kwenye miguu. Mchakamchaka wa shuleni, ule wa alfajiri wa kuimba huku mnakimbia, nao ulitoka kwenye roho hiyohiyo. Mama mpaka leo akiwa na furaha anaimba nyimbo za mchakamchaka akiwa anafua.

Halafu ikaja miaka ya msoto. DMT ilitaifishwa 1970, na 1974 ikagawanywa: UDA ikachukua mabasi ya mjini, KAMATA ikachukua ya mikoani. Mji unazidi kukua, sensa ya 1967 ilikuta watu kama 272,000, lakini mabasi hayakuongezeka kwa kasi ile. Bei ya mafuta ya dunia ikapanda 1973, ikapanda tena 1979, na katikati tukaingia vita ya Kagera. Fedha za kigeni hakuna, spea hakuna, matairi hakuna. Wazazi wenu watawaambia kuhusu ile amri ya Jumapili: ikifika saa 8 mchana, magari binafsi marufuku barabarani, kubana mafuta. Basi la UDA likiharibika, limeharibika. Watu wananing'inia mlangoni kama popo, na anayeshindwa kuning'inia anatembea.

Mwaka 1983 serikali ikasalimu amri na kuruhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano ilikuwa inaitwa dala, makonda wakawa wanaita "dala! dala!". Jina likabaki. Baadaye zikaja zile pikapu za chai maharage, abiria mnakaa mnatazamana magoti yanagongana.

Mama alifika Dar mwaka 1984, kutoka Kilwa, binti mdogo. Akapata kazi kiwandani upande wa Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Barabara ya Nyerere. Daladala zimeshaanza, lakini ukiweka nauli ya kwenda na kurudi siku 26 za mwezi, unga haununuliki. Akawa anatoka Tandika saa 11 alfajiri na wenzake, wanapita Vetenari, wanatokea Tazara. Karibu saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Miaka kumi na moja, mpaka kiwanda kilipopunguza watu. Siku alipoanza kupanda daladala kila siku kama mtu mwingine, alijua amevuka. Nimeisoma historia yote hii maktaba ndipo nikaelewa kile alichoniambia nje ya zahanati. Kutembea kwake ni mahali alipotoka. Kumwambia atembee ni kama kumwambia arudi.

Lakini wadau, tatizo ni kwamba mwili haujui aibu. Mwili unahesabu tu.

Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti ambao mi naupenda sana kwa sababu unahusu... madereva na makonda! Waliwachunguza wafanyakazi wa usafiri wa London, maelfu kwa maelfu. Mabasi yale ya ghorofa, dereva anakaa siku nzima, konda anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Wakakuta makonda wanaugua moyo kidogo kuliko madereva, na wakiugua hawafi haraka kama wenzao. Watu haohao, kampuni hiyohiyo, mtaa huohuo. Wabishi wakasema labda waliokuwa wanene tangu mwanzo ndiyo walichagua udereva. Morris akaenda stoo ya sare, akaangalia vipimo vya suruali! Kweli madereva walikuwa na viuno vikubwa tangu mapema, kwa hiyo suala halikuwa jepesi vile. Lakini tafiti nyingine nyingi zilizofuata zimeonyesha jambo lilelile: mwili unaosogea unadumu.

Tuje nyumbani. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walipima sukari watu wa Ilala hapa Dar na watu wa kijiji cha Shari kule Kilimanjaro. Ilala, karibu watu 6 kati ya kila 100 walikuwa na kisukari. Kijijini, hawafiki 2. Baadaye kundi lingine la watafiti likafanya kitu cha akili sana: wakawafuata watu 209 waliokuwa wanahama kutoka vijiji vya Morogoro kuja kuishi Dar, wakawapima kabla hawajahama na wakawapima tena mjini. Ndani ya mwaka mmoja tu, wanaume kwa wanawake walikuwa wameongezeka zaidi ya kilo 2. Wanaume waliokuwa wanafanya kazi za kutoa jasho jingi walikuwa karibu 8 kati ya 10 kijijini. Mjini wakabaki kama robo. Mwaka mmoja! Matokeo hayo yalichapishwa 2010. Na utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wenye kisukari wamefika 9 kati ya 100, na wenye presha robo nzima.

Mama anaingia kwenye hesabu zote hizo. Miaka kumi na moja ya kutembea saa mbili kwa siku, halafu mguu ukasimama ghafla, chakula kikabaki kilekile, kikaongezeka na soda. Na bodaboda ndiyo zimemaliza kabisa. Daladala ilikuwa bado inakutembeza kidogo, lazima uende kituoni. Boda inakufuata mlangoni, inakushusha mlangoni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 zilipojaa mjini, hata ile njia ya kutoka barabara ya lami kuingia uswahilini imekufa. Mi mwenyewe nikiwa na boom mfukoni nachukua boda kutoka geti mpaka hosteli, kwa hiyo simsemi mtu.

Halafu angalieni kinachendelea mjini. Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa 2022, likageuka uwanja wa mazoezi. Watu wanakuja na magari, wanapaki, wanashuka wakiwa na raba nyeupe na chupa ya maji, wanatembea kwenda na kurudi, wanapiga picha, wanapanda magari wanarudi. Hiyo ni afya, hongera zao. Kilometa chache kutoka pale, mama muuza vitumbua kaamka saa 9 usiku, katembea na beseni kichwani toka Tandale. Huyo haitwi mfanya mazoezi. Anaitwa hana nauli. Kitendo kimoja, majina mawili, na tofauti ni kama una gari la kuliacha.

Serikali nayo imehimiza. Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Ila waliowahi kufika mbali zaidi bila kutangaziwa ni vile vikundi vya jogging vya kwetu Temeke na Mbagala. Ukilala kwetu Jumapili utaamshwa alfajiri na filimbi na nyimbo, watu mia, fulana za rangi moja, wamama wanene, vijana, wazee, wengine wanakimbia, wengine nyuma wanatembea tu. Wakimaliza wanachangiana, wanazikana, wanalipiana hospitali. Ule ni mchakamchaka umerudi ukiwa na daftari la michango. Na pale hakuna anayeona aibu, kwa sababu hatembei peke yake.

Hapo ndipo akili ikanifunguka. Niliporudi nyumbani Jumamosi sikumwambia Mama habari za mazoezi hata kidogo. Nilimsomea tu. Nikamsimulia Kariakoo, nikamsimulia Mnazi Mmoja, nikamsimulia Mwalimu na Butiama (hiyo aliijua, akanisahihisha na kunisimulia jinsi walivyoimbishwa shuleni). Nilipofika kwenye wale 209 wa Morogoro akaacha kuchambua mchele. "Kwa hiyo ile miguu ya kiwandani ndiyo ilikuwa inanilinda?" Nikamwambia ndiyo Mama, ulikuwa unaonewa, na palepale ulikuwa unalindwa. Yote mawili.

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa mwanangu, mtu unatembeaje kama huna unakokwenda? Utoke, uzunguke, urudi? Huo si wazimu?"

Jamani, mi nasoma chuo kikuu lakini swali lile sikuwa nalo. Wapagazi walikuwa wanakwenda pwani. Babu alikuwa anakwenda bandarini. Mwalimu alikuwa anakwenda Mwanza. Nesi alimpa nusu saa bila kumpa pa kwenda. Na lugha yetu yenyewe inalijua hili: ukisema "nimekuja kutembea" maana yake umekuja kumwona mtu. Kutembea na kutembelea ni neno moja na mdogo wake.

Nikamuuliza, nani hujamtembelea siku nyingi? Akamtaja shoga yake wa kiwandani, anayeishi Mtoni kwa Azizi Ali, ambaye naye ana presha. Siku hizi wanaishia kupigiana simu tu.

Jumapili tukatoka saa 12 na nusu asubuhi, jua halijakaza. Alivaa kanga zake na viatu vya kufunika vidole, maana nesi alisisitiza: mwenye sukari asitembee na ndala wala peku, akijikata asijue kidonda kinakua, na akirudi azikague nyayo. Nikaweka pipi mfukoni, kwa kuwa anatumia dawa na sukari inaweza kushuka ghafla. Mwendo ulikuwa wa kuweza kuongea bila kuhema, ila kuimba huwezi. Alijaribu kuimba, pumzi ikakata, tukacheka. Changamoto kubwa ilikuwa njia yenyewe: sehemu nyingine hakuna pa kuweka mguu, mtaro huku, bodaboda kule, meza za biashara katikati. Kwa kweli mji huu bado unamdai mtembea kwa miguu heshima ambayo haumlipi.

Majirani walituona. Mmoja akauliza, "Mama, safari ya wapi asubuhi yote hii?" Nikaona Mama amekaza uso, nikajua mambo yameharibika. Akajibu, "Naenda kumtembelea mwenzangu Mtoni." Jirani akasema haya, msalimie. Basi, ndiyo imeisha hivyo. Hakuna aliyetaja nauli.

Tulitumia dakika arobaini hivi. Shoga yake alipomwona mlangoni amekuja kwa miguu akapiga vigelegele, wakakumbatiana, wakaanza kukumbushana ile njia ya Vetenari. Kurudi tulipanda daladala, sikumlazimisha. Wamekubaliana Jumatano yule mwingine ndiye atakuja Tandika, na Mama siku nyingine ataenda sokoni na kapu lake badala ya kumtuma mtoto wa jirani.

Kwa wanaouliza kuhusu hatua 10,000 za kwenye simu: namba ile ilianzia Japani mwaka 1965, ilikuwa jina la kifaa cha kupimia hatua kilichouzwa baada ya Olimpiki ya Tokyo. Utafiti wa Marekani wa 2019 kwa wanawake wazee ulikuta hata hatua 4,400 kwa siku zinaleta tofauti kubwa kuliko 2,700, na faida ikaacha kuongezeka kwenye kama 7,500. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki zinatosha kuanzia. Gawanya kwa siku tano, ni nusu saa ileile ya nesi. Huhitaji gym wala fulana. Kama mzazi wako kaambiwa atembee na hataki, usimgombeze kwamba ni mvivu. Muulize kwanza alitembea wapi zamani, halafu muulize leo angependa kwenda kwa nani.

Mama kanipigia jana usiku. Miguu inauma, kasema, "ila ni yale maumivu ya zamani, nayajua." Vipimo vingine ni mwezi ujao, nitawaambia.

Test ya Alhamisi imekuwaje? Tusiongelee hilo. Nipo vimbweta, nadesa. Tuonane wiki ijayo na habari za hosteli.